MAUA KATIKA UA: VICHAKA VYA KWETU NA CHAKULA CHA NYUKI

Wazee wengi wa Musoma, Bunda na Butiama, hasa akina mama wanaopanda maboga na matikiti maji karibu na nyumba, huuliza swali moja kila mwaka. Mmea umetambaa vizuri, majani ni mapana, maua ni mengi ya kupendeza, lakini vile vijiboga vilivyo chini ya maua hugeuka manjano, vikasinyaa na kuanguka kabla ya kufikia ukubwa wa ngumi. Wengine husema ni ugonjwa, wengine husema udongo umechoka, na wako wasemao kwamba amepita mtu mwenye jicho baya akayatazama. Pengine udongo umechoka kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine, nayo haimo udongoni wala katika jicho la mtu. Ua lilifunguka asubuhi, likamngoja mgeni, mgeni hakuja, nalo likafunga.

Somo letu la muhula huu ni juu ya mgeni huyo, na juu ya namna ya kumfanya akae karibu na nyumba zetu mwaka mzima, hata katika kiwanja kidogo kisicho na bomba la maji. Kiswahili kina mzaha wake katika jambo hili, maana ua la mmea na ua wa nyumba ni neno moja. Tutajaribu kuyaweka mawili hayo pamoja.

KAZI YA UA LA BOGA

Kwanza tukumbushane yale tuliyoyasoma darasani. Mmea mmoja wa boga una maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na katikati yake kuna kitu kama kidole kilichojaa unga wa manjano. Unga huo ndio uitwao chavua. Ua jike lina kikonyo kifupi, na chini yake kuna kijiboga. Kijiboga hicho si tunda bado. Hakitakuwa tunda mpaka chavua itoke katika ua dume na kufika katika ua jike. Tena chavua ya boga ni nzito na hunata, hata upepo hauwezi kuichukua. Hapana budi ibebwe na mdudu. Na mdudu huyo hana siku mbili za kufanya kazi, kwa sababu ua jike hufunguka asubuhi moja tu, na kufika adhuhuri limekwisha kujikunja.

Tikiti maji nalo lina shida kama hiyo. Kutembelewa mara moja hakulitoshi. Lataka wageni kadhaa katika asubuhi ile ile. Chavua ikifika kidogo, tunda hukua upande mmoja na kupinda, na sokoni watu huliacha.

Si mazao yote yaliyo hivi. Mahindi, mtama na mpunga hupelekewa chavua na upepo. Mihogo twapanda vijiti, na viazi vitamu twapanda marando. Basi mtu anayelima mihogo na mtama peke yake aweza kusema kwamba habari hii haimhusu, na kwa upande wa mazao hayo ana haki. Lakini alizeti, maembe, matango, maboga na matikiti yote yanahitaji wadudu. Pamba hujitosheleza kwa sehemu kubwa, ila huweza kuzaa vizuri zaidi nyuki wakiitembelea. Papai hungoja jua litue, maana wageni wake wakubwa ni nondo wenye mdomo mrefu warukao magharibi.

Watu wakitaja wageni wa maua humkumbuka nyuki wa asali tu. Yeye ni mfanyakazi hodari, lakini hayuko peke yake. Wako nyuki wadogo wasiouma, ambao hujenga katika matundu ya miti na kuta. Wako nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, wale ambao watoto huwakimbia kwa mvumo wao. Wako nyuki wanaoishi peke yao katika mashimo ya ardhini, kila jike na shimo lake, nao ni wa aina nyingi sana. Tena wako vipepeo, nondo, nzi wa maua, na yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda aitwaye chozi.

MIEZI YA NJAA

Sasa twafika penye kiini cha somo. Kwetu Mara mvua za masika huanza mwezi wa Machi na kwisha mwezi wa Mei, na mvua za vuli huanza karibu na Oktoba. Kati ya Juni na Septemba ni kiangazi. Majani hukauka, mashamba hubaki mabua, mifugo hula kilichosalia, na ua wa nyumba hufagiliwa ukawa mweupe. Mtu ana ghala au ana soko. Nyuki afanye nini?

Nyuki wa asali wa Afrika hufanya jambo la busara: kundi zima huhama kwenda mahali penye maua. Wale wanaoishi peke yao hawana nguvu ya kusafiri mbali, na wengi hufa bila kuzaa. Halafu mvua ya kwanza hunyesha, mama hupanda mbegu za maboga, na baada ya wiki chache maua yanafunguka mahali ambapo wageni wamekwisha kuhama au kufa. Boga halikuwanyima chakula. Sisi ndio tuliwanyima katika ile miezi minne iliyotangulia. Ni kama mtu anayemhitaji kibarua siku ya kuvuna lakini hataki kumpa hata uji siku nyingine.

Jambo hili si dhana tu. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, nchi kavu karibu na mpaka wetu, wataalamu walichunguza mashamba ya bilinganya na kutangaza matokeo yao mwaka 2008. Ua la bilinganya hutoa chavua peke yake. Halina yale maji matamu ambayo wadudu huyanywa, yaitwayo mbochi. Basi nyuki wanaoihudumia bilinganya hawawezi kuishi kwa bilinganya. Walionekana wakitegemea mimea ya porini iliyo kando ya mashamba ili wapate kunywa, kisha ndipo wakaja shambani kufanya kazi. Ukikata pori lote ili upanue shamba la bilinganya, umewafukuza vibarua wako mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kupanda vichaka uani asiulize kwanza, “Ni ua gani zuri?” Na aulize, “Ni kichaka gani kitakachotoa maua wakati kila kitu kingine kimekauka, bila mimi kukitekea maji?” Swali hilo huondoa mimea mingi ya mapambo. Bogenvilia, kwa mfano, hupendeza sana juu ya kuta za nyumba mjini Musoma. Lakini zile rangi zake si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kitu cheupe kidogo kilicho katikati, na nyuki hulipita bila kusimama. Lantana hupendwa na vipepeo, hilo ni kweli. Lakini ndege hula matunda yake na kupanda mbegu malishoni, nao ng'ombe wakiila huugua. Kromolena nayo imekwisha kuenea katika sehemu za mkoa wetu na kuyafunika malisho. Zote tatu zilitoka ng'ambo ya bahari, katika Amerika. Wale wanaokaa karibu na ziwa hawahitaji kufundishwa habari hii. Gugumaji lina ua la zambarau ambalo mtu angeweza kulipeleka kanisani, nalo pia lilitoka Amerika ya Kusini. Tangu liingie Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, limefunga mialo na kunasa nyavu.

Sisemi kwamba kila mmea wa kigeni ni adui. Mwembe ulitoka Asia, na boga lenyewe ni la Amerika. Katika wale tuliowataja, tikiti maji ndilo la Afrika. Nasema tu kwamba kichaka cha kwetu kimekwisha kufaulu mtihani wa kiangazi cha Mara mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na wadudu wetu wanaujua mlango wake.

VICHAKA VYENYEWE

Mtukutu ndio ningeuweka wa kwanza. Wajaluo huuita olusia, na karibu kila kabila la mkoa huu lina jina lake, kwa hiyo mwulize bibi yako. Majani yake ni machungu sana, na wazee huyatumia kwa dawa ya tumbo. Hata wanyama wanaujua. Mwaka 1987 katika Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na mwenzake Mtanzania, Mohamedi Seifu Kalunde, walimwona sokwe jike mgonjwa akichubua tawi la mtukutu na kutafuna moyo wake, akapona. Lakini kwetu leo habari kubwa ni maua yake. Ni meupe, madogo, yamekusanyika vichwa vingi pamoja, na aghalabu huchanua mvua zikishakwisha, yaani wakati ule ule tunaoutaka. Nyuki hujaa juu yake tangu alfajiri. Tena kuupanda ni rahisi kupita yote: kata kijiti kinene kama kidole gumba, urefu wa futi moja, kichomeke ardhini mvua inapoanza, ukiacha macho mawili au matatu juu. Ukiuacha hukua ukawa mti mdogo. Uanimo ukate kila mwaka baada ya maua ubaki kimo cha mtu.

Mbaraka, ambao wengine huuita mkundekunde, ni kichaka cha maua makubwa ya manjano. Hupenda kuchanua wakati wa ukavu, pengine kabla hata majani hayajatoka, hata huonekana kama taa katika pori lililoungua. Ua lake lina mafunzo. Chavua haiko wazi. Imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha, kama chumvi ndani ya kopo la kunyunyizia. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Yule nyuki mkubwa mweusi hulikumbatia ua na kutetemesha kifua chake, mvumo ukabadilika ukawa mwembamba, na chavua ikamwagika juu ya tumbo lake. Simama karibu na kichaka hicho saa mbili asubuhi utasikia kwa masikio yako. Na huo ndio ufundi unaotakiwa na nyanya, nyanya chungu na bilinganya, ambazo chavua yake imefungwa kwa namna hiyo hiyo. Mbegu za mbaraka zina ganda gumu. Zimwagie maji yaliyochemka, ziache zipoe humo usiku kucha, kisha panda.

Mkole watoto wote wanaujua, kwa sababu ya matunda yake matamu madogo. Maua yake ni ya manjano, na huja pamoja na mvua. Huo si wakati wa njaa, lakini ni mti mgumu sana kwa ukame, nao unastahili nafasi kwa ajili ya watoto kama si kwa ajili ya nyuki. Mbegu zake hukawia kuota, basi usikate tamaa upesi.

Mti ambao Wajaluo huuita ochuoga wafaa kwa ua wa nje. Una miiba mikali, matunda meusi yaliwayo, na maua meupe yenye harufu nzuri, hasa jioni. Kwa hiyo huwalisha nyuki mchana, na nondo wakati wa giza. Mwenye mapapai na aupande karibu nayo.

Kivumbasi si kichaka kikubwa, hufika kiunoni au kifuani tu, lakini katika kiwanja kidogo hakuna mmea unaolipa zaidi. Huchanua muda mrefu wa mwaka ukipata maji kidogo ya kuoshea vyombo, na nyuki hawaondoki. Moshi wake hufukuza mbu. Mbuzi hawaupendi kwa sababu ya harufu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo uliolainishwa, usizifukie.

Mshubiri wa kwetu, ule wa majani manene yenye miiba pembeni, huhifadhi maji yake mwenyewe na kutoa maua mekundu au ya rangi ya chungwa wakati wa kiangazi. Chozi huja kila siku. Panda machipukizi yake penye mawe, mahali ambapo jembe haliingii. Katika mitaa ya Musoma iliyojengwa kati ya majabali mahali kama hapo ni pengi. Ukitaka kumwona chozi zaidi, ongeza ule mmea mrefu ambao maua yake ya rangi ya chungwa yamepangwa kama pete za miiba kuzunguka shina, pete juu ya pete. Hujiotea wenyewe kando ya mashamba, na mbegu zake huokotwa bila taabu.

Miwili ya kutahadhari. Mnyaa ni ua mzuri wa boma, haufi kwa ukame, na maua yake madogo hupata wageni. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni hudhuru sana, kwa hiyo usiupande mahali watoto wanapochezea. Utupa nao una maua ambayo nyuki wakubwa hupenda, lakini majani yake ndiyo sumu ya samaki ambayo sheria imeikataza. Mtu wa kando ya ziwa asiupande hata kidogo, asije akashukiwa au akaibiwa.

NAMNA YA KUPANDA

Hapa wazazi watasema: kichaka uani ni nyumba ya nyoka. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Wazee wetu hawakufagia viwanja kwa upuuzi. Lakini tazama kwanza nyoka anatafuta nini. Anamfuata panya, na panya anafuata nafaka iliyomwagika na kujificha katika rundo la kuni au la mawe. Basi ondoa rundo hilo. Kichaka kipandwe mbali na mlango, hatua 8 au 10, tena matawi ya chini yakatwe mpaka kimo cha goti ili ufagio upite chini yake na jicho lione. Kichaka kilichopunguzwa hivyo kina kivuli cha juu tu, hakina pango.

Na kufagia kwenyewe kuna faida ambayo mfagiaji haijui. Nyuki wale wa ardhini hutaka udongo mtupu, mgumu kidogo, unaopata jua la asubuhi. Acha kipande kimoja karibu na ukuta, ukubwa wa mkeka, ukifagie lakini usikilime wala usikimwagie saruji. Ukiona vishimo vidogo vyenye vumbi laini pembeni, usiviponde kwa kudhani ni vya siafu.

Kwa kiwanja cha hatua 20 kwa 15, vichaka vitano au sita vyatosha: mitukutu miwili, mbaraka mmoja, ochuoga mmoja kwenye mpaka, mishubiri penye mawe, na vivumbasi popote palipobaki. Chimba mashimo kabla ya mvua, kina na upana futi moja na nusu. Udongo wa juu uuweke upande wake, uuchanganye na nusu debe la samadi iliyooza, uurudishe. Kule Bunda kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, panda juu ya tuta dogo ili mizizi isizame majini. Penye mchanga, au kwenye mteremko kama sehemu nyingi za Butiama, fanya kinyume: jenga tuta la nusu duara upande wa chini wa mche, mfano wa mwezi mwandamo, lizuie maji ya mvua yasitoroke. Kisha funika udongo kwa majani makavu, lakini yasiguse shina, kwa ajili ya mchwa.

Kiangazi cha kwanza ndicho kigumu. Mpe kila mche lita 5 kwa wiki, yamwagwe polepole mara moja. Usimpe kikombe kila siku, maana maji ya kikombe huishia juu, na mizizi nayo hubaki juu ikingoja kikombe. Kiangazi cha pili lita hizo hizo kila baada ya wiki mbili. Kiangazi cha tatu mwache ajitegemee. Na mbuzi? Zungushia matawi ya mgunga yenye miiba mpaka kichaka kimpite mbuzi kimo. Hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Vijiti na mbegu visitafutwe kwa kung'oa mimea mizima milimani, wala visichukuliwe mahali ambapo wazee wamepatenga. Butiama, karibu na Mwitongo, uko msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wameuheshimu tangu zamani; mahali kama hapo si pa kwenda na panga. Kando ya njia na mipakani mwa mashamba mna mitukutu na mikole ya kutosha shule nzima.

Jambo la dawa za kuua wadudu laweza kuharibu yote haya kwa siku moja. Anayepulizia nyanya au pamba saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi, anaua wanaoharibu na wanaozalisha pamoja. Apulizie jioni, jua likikaribia kutua, wakati nyuki wamekwisha kurudi, na upepo wa ziwa usiwe unaelekea kwenye maua.

Wengine wataogopa kuumwa. Nyuki akiwa kwenye ua hana haja na mtu. Anachokitetea ni mzinga wake. Kwa hiyo kichaka chenye maua uani ni salama, bali mzinga usiwekwe katika kiwanja kidogo wala karibu na madarasa. Ukali wa nyuki wetu unajulikana mbali: mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Afrika huko Brazil, mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, na uzao wao ukaenea mpaka Marekani. Kwa upande mwingine ukali huo huo una kazi yake. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walionyesha, huko Kenya, kwamba ndovu hukimbia wakisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa, na tangu hapo wakulima wa huko wamezungushia mashamba nyuzi zilizofungwa mizinga. Wenzetu wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, ambao ndovu huwamalizia mazao usiku, watanielewa. Kundi la nyuki likitua juu ya mti wenu, liacheni. Kwa kawaida huondoka baada ya siku moja au chache. Likiingia darini mwiteni mfugaji wa nyuki, wala msilipige mawe.

Mwisho wa kiangazi nyuki huja pia kunywa, na ndipo hugombana na mama penye ndoo. Wawekeeni sahani pana yenye mawe madogo na maji, mbali na jiko. Mawe ni ya kusimamia, maana nyuki hajui kuogelea.

JARIBIO LA MUHULA UJAO

Wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu watafanya jaribio hili katika bustani ya shule, na yeyote aweza kulifanya nyumbani. Tafuta maua jike 15 ya boga jioni moja kabla ya kufunguka. Utayajua kwa ncha iliyoanza kuwa ya manjano. Yasipopatikana 15 kwa siku moja, endelea siku zinazofuata. Matano yafunike kwa mfuko wa kitambaa chepesi, ukaufunge kwenye kikonyo, yasifikiwe na mdudu yeyote. Matano yaache wazi, yafunge uzi mwekundu. Matano ya mwisho yafunike kama yale ya kwanza, lakini asubuhi kabla ya saa mbili fungua, chukua ua dume, lipake katikati ya ua jike, ukafunike tena. Baada ya siku mbili ondoa mifuko yote. Baada ya siku 10 hesabu vijiboga vilivyobaki katika kila kundi.

Kundi la kwanza likianguka na la tatu likashika, mmejua kwamba haukuwa udongo. Kundi la pili ndilo la kutazamwa zaidi, kwa kuwa litawaambia ni wageni wangapi mlio nao katika bustani yenu. Likishika kama la tatu, wanatosha. Likianguka kama la kwanza, hakuna mgeni aliyefika.

Pamoja na hayo kila mmoja awe na ukurasa katika daftari lake, na kila Jumamosi aandike ni vichaka vipi karibu na kwao vina maua, kwa jina la Kiswahili na kwa jina la Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo au lugha yoyote ya nyumbani, na ni mdudu gani aliyeonekana juu yake. Ifikapo Septemba tutaziweka kurasa zote pamoja ukutani, tuone ni wiki zipi hazina ua hata moja. Hizo ndizo wiki za kutafutia kichaka.

Kwa mifuko ya jaribio tumieni vipande vya chandarua chakavu. Mfuko wa nailoni haufai, kwani ua huiva ndani yake kwa joto kabla ya saa tano.